Mwizi Asiyevunja Kufuli

Msomaji, ukienda kununua mitumba katika Soko la Toi, Kibera, hukosi mtu wa kukuonya ushike mkoba wako vizuri. Ni nasaha njema. Lakini siku hizi yuko mwizi asiyehitaji kuugusa mkoba huo, wala hata kufika sokoni.

Tuseme wewe ni muuzaji wa nguo hapo. Wateja wamekuzingira, huyu anauliza bei, yule anajaribu koti. Mara unaingia ujumbe kwamba umetumiwa shilingi 3,000 kwa M-Pesa. Kabla hujamaliza kuusoma, mtu anapiga simu karibu kulia: "Mama, samahani, nimekosea nambari. Pesa hizo ni za mtoto aliye hospitalini." Huruma inakushika, unamtumia. Jioni ukihesabu mauzo, unagundua kuwa hakuna kilichoingia. Zilizotoka ni zako.

Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, simu imekuwa benki ya mwananchi wa kawaida, na wezi nao wamehamia huko. Silaha zao ni mbili: haraka na huruma. Kwa hivyo, usiharakishwe. Ujumbe wa kweli huja kwa jina la MPESA, si kwa nambari ya mtu. Tazama salio kwanza. Na kama kweli mtu amekosea, usimrudishie wewe mwenyewe. Mwambie atume ujumbe wake wa M-Pesa kwa nambari 456, Safaricom washughulikie.

Nanyi wanafunzi msicheke, kwani yenu yako kwenye saiba. Unaingia kuomba mkopo wa HELB au kufungua akaunti ya eCitizen. Mhudumu anakusaidia, anakuchagulia hata nenosiri. Kisha unaondoka mbio kuwahi matatu, ukurasa ukiwa wazi. Atakayekalia kiti hicho baada yako atakuta jina lako, nambari ya kitambulisho na vyeti vyako.

Jichagulie nenosiri mwenyewe. Kompyuta ikiuliza kama ilihifadhi, ikatalie. Futa ulivyopakua, toka kwenye akaunti, ndipo uinuke. Ukirudi nyumbani na flashi, ikague virusi kabla ya kuifungua kwenye kompyuta ya familia.

Kitambulisho kilichoangukia mikono mibaya kinaweza kusajili laini ya simu usiyoijua, na lawama zikurudie wewe. Ukiwa na laini ya Safaricom, piga *106# uone nambari zilizosajiliwa kwa jina lako.

Zaidi ya yote, nambari ya siri ni yako peke yako. Benki haiiulizi, wala Safaricom hawaiulizi. Anayekupigia kuiuliza, hata akitaja jina lako lote matatu, mkatie simu. Mwizi huyu havunji kufuli, hukuomba ufunguo. Leo jioni, mezani, waambie hayo mama, nyanya na hata kitindamimba. Wote wana simu.