Mama Aliyeokolewa Mara Mbili

Mwanafunzi anayeanza kusoma historia ya sinema chuo kikuu hupewa kwanza orodha ya waasisi. Ndugu wawili, Auguste na Louis Lumière, waliwatoza watu faranga 1 kuona picha zinazotembea katika Grand Café, Paris, Desemba 28, 1895. Baada yao anatajwa Georges Méliès na safari yake ya mwezini ya 1902, halafu Edwin S. Porter wa kampuni ya Edison huko Marekani, hadi kufikia D. W. Griffith, ambaye mikononi mwake sinema inasemekana ilikomaa. Miaka na majina hayo ni sahihi. Tatizo ni dhana iliyojificha ndani ya orodha: kwamba filamu za mwanzo zilikuwa zikijaribu kufanana na za leo, zikashindwa. Filamu moja ya Porter inaonyesha jinsi dhana hiyo ilivyowapoteza njia hata wasomi wakubwa.

Filamu hiyo, Life of an American Fireman, ilitoka Januari 1903 na ina urefu wa dakika kama sita. Mkono unavuta kengele ya hatari, askari wa zimamoto wanakurupuka vitandani na kuteremka kwa nguzo, farasi wanafungwa kwenye magari, msafara unatimua mbio barabarani. Katika chumba cha juu cha nyumba inayoungua wamo mama na mtoto wake, na askari anawaokoa wote wawili.

Mwaka 1939 mwanahistoria Lewis Jacobs alimsifu Porter kuwa ndiye aliyegundua uhariri, yaani ufundi wa kukata picha na kuziunganisha ili zisimulie kisa. Jacobs alitegemea zaidi maelezo ya katalogi ya Edison. Miaka mitano baadaye Museum of Modern Art ya New York ilipata nakala iliyoonekana kumthibitisha: kamera iko ndani mama akizimia, mara iko nje ngazi ikisimamishwa, inarudi ndani askari akivunja dirisha, inatoka tena nje. Ndivyo sinema inavyosimulia hadi leo, na walimu wengi wakakifundisha kipande hicho kama chimbuko la ufundi wote huo.

Ushahidi wa kuwapinga ulikuwa umehifadhiwa Washington, kwenye karatasi. Kabla ya 1912 sheria ya hakimiliki ya Marekani ilizitambua picha za kawaida lakini haikuzitaja filamu. Watengenezaji wakawa wanachapa filamu nzima, picha kwa picha, juu ya mabunda marefu ya karatasi, na kuyawasilisha serikalini kama picha za kawaida. Nia yao ilikuwa kuzuia wizi tu. Hata hivyo, filamu za nitrati zilipoungua na kuoza, karatasi zilibaki katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Mtaalamu Kemp Niver alibuni njia ya kuzirudisha kwenye filamu, akaokoa maelfu, na mwaka 1955 akatunukiwa Oscar ya heshima. Kwa maoni yangu, tuzo chache za Oscar zimefanya haki kiasi hicho.

Katika nakala ya karatasi ya filamu ya Porter kamera haichezi baina ya ndani na nje hata kidogo. Tunaona uokoaji wote tukiwa chumbani: mama anatolewa dirishani, askari anarudi kumchukua mtoto. Baada ya hapo tunapelekwa nje na kuuona uokoaji uleule tangu mwanzo. Mama yuleyule anaokolewa mara mbili.

Nakala ya karatasi iliwasilishwa wakati filamu inatoka. Ile ya New York ilikuwa imekatwa upya baadaye, na mtu aliyeona marudio hayo kuwa kosa la kusahihishwa. Mwaka 1978 shirikisho la kimataifa la hifadhi za filamu lilikutana Brighton, Uingereza, na wasomi wakatazama mamia ya filamu za 1900 hadi 1906 mfululizo. Mwaka uliofuata wanahistoria André Gaudreault na Charles Musser walichapisha uchambuzi wao kuhusu filamu ya Porter, na wote wawili walikubali ushahidi wa karatasi.

Je, Porter hakujua kuunganisha? Jibu hilo ni jepesi mno. James Williamson wa Hove, karibu na Brighton, alikwisha kutoa filamu iitwayo Fire! mwaka 1901, na humo askari anayembeba mtu anatoka dirishani na kutokea nje papo hapo, bila marudio. Méliès naye alirudia: chombo chake kinachoma jicho la mwezi, kisha tunakiona kikitua upya. Maana yake ni kwamba njia zote mbili zilikuwepo kwa wakati mmoja. Watazamaji wa enzi hiyo walizoea maonyesho ya taa iliyorusha picha za vioo ukutani, na kwao kila picha ilikuwa tukio kamili lenye mvuto wake. Kuona moto kutoka ndani ni utamu mmoja, kuuona kutoka nje ni mwingine. Mwaka 1986 mwanahistoria Tom Gunning aliielezea sinema ya miaka hiyo kuwa sinema ya vivutio, iliyotaka kwanza kuonyesha, kusimulia kukafuata.

Aidha, mara nyingi kando ya turubai alisimama mtu wa kueleza. Huko Japani waliitwa benshi, na mtazamaji aliweza kuchagua onyesho kwa kufuata jina la benshi. Hapa msomaji wa Kiswahili ana faida ambayo mhadhiri wa Paris anaikosa. Aliyekaa kwenye kibanda cha video akimsikiliza Lufufu wa Tanzania akisimulia mkanda wa Kihindi au wa Kichina, au aliyecheka na DJ Afro huko Kenya, anafahamu kwamba filamu na msimulizi wake ni kitu kimoja, na kwamba kisa kinaweza kusimamishwa, kurefushwa, kuongezewa majina ya mitaani na bado kikaeleweka. Mwanafunzi wa Dar es Salaam au Nairobi anayeandika tasnifu kuhusu sinema ya mwanzo angeanza na ujuzi huo badala ya kuuacha mlangoni. Baadhi ya filamu zilizookolewa kutoka karatasi za Washington anaweza kuzitazama bure kwenye tovuti ya Maktaba. Mikanda ya VHS yenye sauti ya Lufufu nayo ni nakala za kihistoria, kila mmoja ukiwa toleo lake, na inahitaji kukusanywa na kuorodheshwa ikiwa bado inasikika.