Muhuri wa mufuaji: chuma kidogo kisichofaa kuuzwa kwa kilo

Mzee mufuaji wa pete na bangili akifariki, anaacha nyundo, koleo na kisanduku cha vijiti vya chuma, virefu kama kidole. Kwenye ncha ya kila kijiti kuna alama: nyota, jani, mwezi, duara. Ni rahisi watoto wapeleke vyote kwa wanunuzi wa vyuma vya zamani. Kabla ya kufanya hivyo, tuelewe kwanza ni vitu gani.

Hiyo ni mihuri ya kupamba. Fundi anapasha feza au shaba motoni ili ilainike, anaiacha ipoe, kiisha anailaza juu ya chuma kizito. Anasimamisha muhuri na kupiga nyundo mara moja. Akipiga tena na muhuri umesogea, alama inatoka mbili-mbili na kazi imeharibika.

Zamani mafundi wengi walijitengenezea mihuri wenyewe. Wanachukua tupa iliyochakaa, ile tunaita lime, wanailainisha motoni na kuchonga alama kwenye ncha. Wanaipasha tena hadi iwe nyekundu, wanaitumbukiza ndani ya maji au mafuta. Hapo inakuwa ngumu, lakini inaweza kupasuka kama chupa. Ndiyo maana wanaipasha kidogo tena, mpaka rangi ya majani makavu.

Mfano unaojulikana sana uko kwa Wanavajo, wenyeji wa kusini-magharibi mwa Marekani. Walianza kufua feza katika karne ya 19, na mapambo mengi waliyaiga kwa mihuri ya mafundi wa Meksiko waliopamba ngozi. Mihuri yao waliichonga kwenye tupa, patasi na misumari ya reli. Leo wajuzi wanaangalia alama hizo ili kukadiria umri wa bangili, na mara nyingine kutambua fundi. Juu ya nini? Sababu muhuri uliochongwa kwa mkono hauna pacha: kasoro yake ndogo inarudi kila unapopiga.

Basi, kama kisanduku kiko nyumbani kwenu, musisugue ncha kwa mashine. Pakeni mafuta, mufunge kwa kitambaa. Pigeni kila muhuri kwenye kipande chembamba cha shaba, muandike jina la mzee pembeni. Kwenye mizani ni gramu chache tu. Lakini mukiuza, alama yake haitapigwa tena.