NGUO ZA MGONJWA

Somo: Mambo ya Walawi 13:47–59



Katika somo letu la leo kuna jambo ambalo wengi hulipita haraka. Kuhani wa Israeli hakuitazama ngozi ya mgonjwa tu, bali na vazi pia. Vazi lenye pigo lilitengwa siku saba. Kisha liliamriwa lifuliwe, na pigo likiisha kutoka, lilifuliwa mara ya pili. Kwa nini Mungu ajishughulishe na mambo ya kufua? Ni kwa sababu anawajali wale wakaao nyumba moja na mgonjwa.

Wala jambo hili si la kale tu. Tarehe 31 Julai 2024 Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa mpox, aliyegunduliwa mpakani Taveta. Mwezi uliofuata, dereva wa lori aliyepitia mpaka wetu wa Malaba alionekana kuwa nao. Ugonjwa huo huambukiza hasa kwa kugusana ngozi, lakini hupita pia katika shuka, taulo na nguo zilizoshika maji ya vipele au magamba yake.

Basi afuaye yumo hatarini. Naye ni nani? Mara nyingi ni mama, au binti wa nyumbani, au yule dada wa Busia afuaye shuka za nyumba za wageni ili watoto wake wale.

Wako watu ambao kwa hofu humwacha mgonjwa alale katika shuka moja juma zima. Wako na wengine wasemao, "Mimi nina imani," wakazikumbatia nguo chafu kifuani. Wote wamekosa. Upendo hufua, tena hufua kwa akili.

Ndugu, fanya hivi. Usizikung'ute nguo za mgonjwa. Zikunje polepole, uchafu ukiwa ndani, uzibebe katika ndoo yenye kifuniko. Vaa glavu za mpira, na ufunike pua na mdomo. Zifue peke yake, wala si pamoja na nguo za watoto, kwa sabuni na maji ya moto.

Kama huna maji ya moto, zifue kwa sabuni, uzisuuze, kisha uziloweke nusu saa katika maji ya klorini. Ikiwa dawa yako ni ya asilimia 3.5, tia mililita 300 katika maji lita 20. Usiichanganye na dawa nyingine yoyote ya kusafishia, maana hutoa hewa yenye sumu. Suuza tena, uanike juani mpaka zikauke kabisa. Mwisho, osha beseni na unawe mikono kwa sabuni.

Akiwa ni mgonjwa wa kipindupindu, kwanza uondoe choo na matapishi kwenye shuka, ukayamwage chooni. Maji ya kufulia nayo yamwagwe chooni, wala usiende kufulia mtoni. Mito yetu, Malaba na Sio, haijui mpaka. Huko chini yuko mtu anayeteka maji ya kunywa. Awe Mkenya, awe Mganda, yeye ni jirani yako.

Naye mwenye homa na vipele, au mwenye kuharisha sana, apelekwe hospitali upesi. Asifichwe, wala asidharauliwe.

Yule Msamaria wa Luka 10 alizigusa jeraha za mtu asiyemjua. Nasi pengine huduma yetu ni beseni, sabuni na kamba ya kuanikia. Hiyo nayo ni ibada.

Na tuombe. Ee Bwana, wabariki mikono ifuayo katika nyumba zetu. Uwaponye wagonjwa, uwalinde wanaowauguza, na utufundishe kumpenda jirani kwa bidii na kwa hekima. Kwa jina la Yesu. Amina.