Kidude cha kuokoa stima hakiokoi tokeni

Swali limerudi tena, mara hii kutoka Mumbuni: "Fundi, nikichomeka kile kidude cha kuokoa stima kando ya birika la umeme, tokeni zitadumu?" Hazitadumu. Nimejibu hivyo sokoni, kanisani na kwenye simu, na bado vidude vinanunuliwa.

Ndani ya kidude hicho mna taa ndogo na kapasita. Kapasita ina kazi yake halali. Katika viwanda vya Athi River, mota kubwa huvuta mkondo wa ziada unaokwenda na kurudi kwenye nyaya bila kufanya kazi, na mteja mkubwa huulipia. Huko kapasita huleta nafuu. Mita ya nyumbani kwako haihesabu mkondo huo. Inahesabu uniti, yaani umeme uliofanya kazi. Na birika halina mota. Lina koili inayogeuza umeme wote kuwa joto. Kapasita itarekebisha nini hapo? Mwuzaji akikuonyesha namba inayoshuka, mwulize kama ni ampea au uniti. Tokeni hununua uniti.

Kinachokula umeme ni maji yenyewe. Hapa Machakos, mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka yakikaribia nyuzi 95. Kuchemsha lita moja ya maji ya bomba hula karibu sehemu moja ya kumi ya uniti. Uniti moja, lita kumi. Birika la wati 1,000 nalo halikuokolei kitu: litachukua muda mara mbili ya lile la wati 2,000, na joto litazidi kupotea.

Basi punguza maji. Pima kwa vikombe vya watakaokunywa, usishuke chini ya alama ya birika. Yanayobaki yatie kwenye themosi, usiyachemshe upya. Funga kifuniko, la sivyo birika halitajizima. Maji ya kisima yakiacha ukoko mweupe, chemsha maji yenye ndimu, uache kidogo, usuuze. Ukoko huua koili. Lita mbili kwa siku ni uniti sita hivi kwa mwezi, na wastani wako ukivuka uniti 30, Kenya Power inakutoza bei ya daraja la juu.

Kama kidude umeshakinunua, kichomoe leo. Taa yake inakula tokeni zako.