Uzuri wa Masisi na Walikale Hutaka Mwendo wa Polepole

Mashariki mwa Kongo, barabara inayopanda kutoka Sake hadi Masisi, kisha kuteremka hadi Walikale, hupita katika maeneo mawili yasiyofanana. Karibu na Mushaki vilima huvuka mita 2,000: malisho ya kijani, ng'ombe, viazi, maharage, na ukungu unaolala mabondeni hadi jua lipate nguvu. Nyuma huonekana Ziwa Kivu na volkeno. Baada ya Nyabiondo ardhi hushuka, joto huongezeka, na huko Walikale msitu hufunga pande zote.

Aliye juu ya pikipiki hutazama mashimo ya barabara tu. Anayesukuma chukudu, kigari cha mbao, mlimani huona mengi zaidi, ingawa mzigo humchosha. Masisi iko wazi, jicho huifikia mara moja. Walikale ni ngumu, kwani kinachopendeza humo husikika kwanza: mabawa ya hondohondo huvuma kabla ndege mwenyewe hajaonekana. Gorila wa Grauer hutandika kitanda kipya cha majani kila jioni, na mwenyeji wa msitu hukijua cha jana kwa majani yaliyonyauka.

Tausi wa Kongo, ndege wa misitu ya tambarare kama wa Walikale, anaonyesha jinsi subira ya kutazama inavyolipa. Katika safari ya miaka 1909 hadi 1915, James Chapin, mtaalamu wa ndege wa Marekani, aliona unyoya usiojulikana kwenye kofia ya mwenyeji, akauhifadhi. Mwaka 1936, katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, alikuta ndege wawili waliokaushwa, wamedhaniwa kuwa tausi wa India. Unyoya aliouhifadhi ulifanana na manyoya yao. Hivyo ndivyo wanasayansi walivyompata ndege ambaye wawindaji walimjua siku zote. Katika kivuli dume huonekana mweusi. Mwanga ukimpiga, hung'aa buluu, zambarau na kijani.

Lakini huku Masisi na Walikale vita vimewafukuza wengi makwao, na anayekimbia hana nafasi ya kutazama ndege. Kwa sababu hiyo hiyo ujuzi wa wazee uko hatarini: kijiji kikitawanyika, majina ya miti na sauti za ndege hutawanyika nacho. Walimu wa Masisi na Walikale, pale usalama unaporuhusu, wawatoe wanafunzi nje ya darasa na kumwalika mzee mmoja awaonyeshe miti na ndege wa kwao.