Baada ya Arubaini

Katika mji wa Arua, na vilevile Koboko ulioko kaskazini yake, karibu na pale mipaka ya Uganda, Kongo na Sudani Kusini inapokutana, mzazi huhesabiwa siku. Na miongoni mwa Waislamu wa huko, Wanubi wakiwamo, arubaini ikitimia mama hutoka nje, hupongezwa na jamaa zake, kisha hurejea shambani, sokoni au ofisini kwake, kana kwamba maradhi yote yaliyompata katika miezi tisa yamezikwa pamoja na kondo la nyuma. Yako maradhi ya ujauzito ambayo kwayo hesabu hiyo ni sahihi. Walakini ini halifuati ada ya arubaini, na mwanamke ambaye ini lake lilisumbuka alipokuwa na mimba anastahili kuangaliwa muda mrefu baada ya mtoto kuachishwa ziwa, jambo ambalo aghalabu halifanyiki.

Maradhi yenyewe huanza kwa namna ambayo ni rahisi kuidharau. Mja mzito, mara nyingi katika miezi mitatu ya mwisho, huanza kuwashwa usiku viganjani na nyayoni, pasipo upele wala uvimbe, akajikuna hata ngozi ikachubuka. Mkojo wake huweza kuwa mweusi kama chai ya rangi, na kwa baadhi yao macho hugeuka manjano. Sababu yake ni kwamba homoni za ujauzito, kwa mwanamke ambaye maumbile yake yameelekea huko, hulegeza mwendo wa nyongo kutoka katika ini, na chumvi za nyongo, ambazo zilipaswa kuteremkia matumboni kuyeyusha mafuta, hurudi na kuzagaa damuni. Wazee wa pwani walikuwa na neno safura, lililotoka katika neno la Kiarabu la nyongo na umanjano, nao walilitumia kwa magonjwa mengi yasiyo na uhusiano, lakini angalau walijua kwamba nyongo iliyopotea njia si jambo dogo. Kwa mtoto aliye tumboni hatari yake ni dhahiri: uchunguzi mkubwa uliotangazwa mwaka 2019, uliokusanya habari za wanawake wa nchi nyingi, ulionyesha kwamba chumvi hizo zikifika mikromoli 100 au zaidi katika lita ya damu, mimba zaidi ya 3 katika kila 100 humalizika kwa mtoto kuzaliwa maiti, ilhali zikiwa chini ya 40 hatari hiyo haizidi ile ya wajawazito wengine.

Lakini katika West Nile, mkoa wenye miji hiyo ya Arua na Koboko, mwasho si mgeni. Mkoa huo ulikuwa mojawapo ya makao ya upofu wa mtoni, ugonjwa unaoenezwa na usubi wa kando ya mito iendayo kasi, ambao huwasha ngozi kabla ya kudhuru macho, na ambao kwa ajili yake dawa ya ivermektini imegawiwa vijijini miaka mingi. Hivyo mwanamke akisema anawashwa, mkwewe au jirani yake anayo sababu tayari mdomoni. Na madhali mja mzito hapewi dawa ile siku ya ugawaji, huambiwa asubiri ajifungue kwanza. Yafaa basi kila mkunga na kila mhudumu wa afya wa kijiji ajue tofauti yake: mwasho wa nyongo hupenda viganja na nyayo, huzidi usiku, na alama zake juu ya ngozi ni zile tu zilizoachwa na kucha. Kipimo cha chumvi za nyongo hakipatikani kwa urahisi nje ya maabara kubwa, na kutoka Arua hadi Kampala ni safari ya karibu kilomita 500. Lakini maneno ya mgonjwa mwenyewe, yakisikilizwa kwa utulivu, yanatosha kumpeleka hospitali.

Mtoto akishazaliwa, mwasho hukoma kwa siku au majuma machache, na hapo ndipo mama husahauliwa. Habari za yale yanayoweza kumpata miaka mingi baadaye tumezipata hasa kutoka Uswidi, nchi ambayo kila uzazi na kila kulazwa hospitali huandikwa katika madaftari ya taifa, chini ya nambari ya mtu isiyobadilika maisha yake yote. Mwaka 2013 matabibu wa huko walitangaza walivyowafuatilia wanawake zaidi ya 11,000 waliougua mwasho huo wa nyongo kati ya 1973 na 2009, wakiwalinganisha na wengine zaidi ya 110,000 wasiougua. Wale wa kwanza walipatwa na maradhi ya ini na ya njia za nyongo zaidi ya mara mbili na nusu kuliko wenzao. Vijiwe vya nyongo vivyo hivyo. Homa ya ini ya aina C mara nne. Na ini kusinyaa kwa makovu kama mara tano. Uchunguzi uliofuata mwaka 2015 uliongeza saratani za ini na za njia za nyongo, pamoja na kisukari kwa kiasi kidogo zaidi.

Hesabu hizi zisimtie mtu kiwewe. Jambo lililo nadra, hata likizidishwa mara tano, hubaki nadra, na wengi wa wanawake wale walizeeka pasipo kuona dalili yoyote ya ini. Lililo la maana zaidi kwetu ni kwamba kwa baadhi yao ugonjwa wa ini ulikuwamo tangu hapo, umenyamaza, na mimba haikuuleta bali iliufichua.

Sasa, ikiwa hivyo ndivyo ilivyo Uswidi, ambako homa ya ini si ugonjwa wa kila kijiji, West Nile tutasemaje? Damu zilizopimwa Uganda nzima mwaka 2005 zilionyesha kwamba watu wazima kama 10 katika 100 walikuwa na virusi vya homa ya ini ya aina B, na katika West Nile walifika 18, ilhali kusini magharibi mwa nchi hawakutimia 4. Uchunguzi wa 2016 na 2017 uliikuta hesabu ya taifa imeshuka hadi 4.3, lakini kaskazini bado ikiizidi kusini. Chanjo ya watoto dhidi ya virusi hivyo iliingizwa mwaka 2002. Msichana aliyezaliwa mwaka ule sasa amefikia umri wa kuzaa, na dada zake wakubwa, waliozaliwa kabla yake, ndio wengi wanaoketi leo katika mabenchi ya kliniki ya wajawazito.

Virusi hivyo ni ugonjwa mwingine, tofauti na ule wa mwasho, ila hukutana katika ini lile lile. Mama akionekana anavyo, juhudi zote huelekezwa kwa mtoto: mama hupewa dawa ya tenofoviri katika miezi ya mwisho akihitaji, na mtoto hupaswa kuchanjwa katika saa 24 za kwanza, kwa kuwa watoto wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa, tisa katika kila kumi hubaki na virusi maisha yao. Ni haki kabisa kufanya hivyo. Ninalolilalamikia ni kwamba kipimo kile kilikuwa cha mama pia, ila jibu lake likasomwa kwa niaba ya mtoto tu. Katika ujauzito, kinga ya mwili hutulia ili isimkatae mtoto. Baada ya kujifungua huamka, na katika majuma na miezi inayofuata huweza kulishambulia ini lenye virusi, mara nyingi kimya kimya, mara nyingine kwa macho ya manjano na uchovu ambao kila mtu atausingizia kunyonyesha. Mama aliyeachishwa tenofoviri baada ya kuzaa anahitaji kuangaliwa zaidi katika muda huo. Na mbele zaidi, baada ya miaka, yapo makovu ya ini na saratani, ambayo huzidi kwa pombe na kwa sumu ya kuvu iotayo katika karanga na mahindi yaliyoanikwa vibaya. Kwa hiyo turubai la kuanikia karanga, juani na mbali na udongo wenye unyevu, nalo ni dawa ya ini.

Anyonyeshe? Naam, anyonyeshe. Ale sahani moja na watoto wake? Bila shaka, maana virusi hivi haviambukizi kwa chakula. Lakini mumewe na watoto wakubwa wapimwe na kuchanjwa, na mama aliyewahi kuwashwa asione haya kumweleza mkunga habari za mwasho wake anapotaka vidonge vya uzazi wa mpango, kwani vile vyenye homoni ya estrojeni huweza kuurudisha. Mimba nyingine ikija, mwasho huo hurudi kwa zaidi ya nusu ya wanawake.

Huenda mtu akasema kwamba kuandika na kufuatilia ni mambo ya Uswidi. West Nile inayo hoja ya kumjibu. Katika hospitali ya misheni ya Kuluva, kusini kidogo ya Arua, tabibu Ted Williams aliyefika huko mwaka 1941 aliandika kwa uangalifu kila mtoto aliyeletwa na uvimbe wa taya, akitaja kijiji na tarehe. Mwaka 1961 alisafiri pamoja na tabibu mwenziwe Denis Burkitt katika gari kuukuu kuutafuta ugonjwa huo Afrika ya mashariki na kusini. Na kutoka katika madaftari yale, mwaka 1967, ulimwengu ulijifunza kwamba saratani ile ilitokea kwa makundi, mahali hapa na wakati huu. Hayo yaliwezekana katika hospitali ya bati na kwa kalamu za wino.

Daftari la mama halihitaji hata hayo. Chanjo ya mtoto hutolewa akiwa na majuma 6, 10 na 14, yaani katika siku zile zile ambazo ini la mama huweza kushambuliwa, na ambazo mwasho uliopaswa kwisha hubainika kama haujesha. Mara tatu mama huyo huja mwenyewe, kwa miguu au kwa bodaboda, mtoto mgongoni, hukaa benchini, hungoja jina la mtoto liitwe. Mkono wake upo pale. Sindano ya kutolea damu yaweza kuwekwa kando ya sinia la chanjo, na ukurasa wenye maneno ya mwasho wake, au jibu la kipimo chake, uko kurasa chache nyuma ya ule ambao muuguzi ameufungua.