KUTOKA VITI MAALUM HADI VITI VYA UTENDAJI

Mtu akiingia katika kikao cha Baraza la Madiwani, liwe la Ngara au la Biharamulo, atawakuta wanawake. Hiyo si hisani ya mtu, bali ni sheria, kwani viti maalum vinavyofikia theluthi vimetengwa kwa ajili yao. Hata vijijini, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka Baraza la Ardhi lenye wajumbe 7 liwe na wanawake wasiopungua 3.

Lakini tusijidanganye. Diwani hupitisha, anayeandaa ni mtendaji. Mpango wa kisima, wa zahanati au wa barabara huandikwa na mkuu wa idara kabla haujafika mbele ya madiwani. Katika viti hivyo vya ukuu wa idara hakuna theluthi iliyotengwa. Itifaki ya Jinsia na Maendeleo ya SADC ya mwaka 2008 ilitaka wanawake wafikie nusu ya nafasi za maamuzi ifikapo mwaka 2015. Mwaka huo umekwisha kupita.

Wapo wasemao kwamba cheo hakitolewi kwa jinsia, hutolewa kwa sifa. Nasi tunakubali. Ila tunauliza: sifa hizo hupatikana wapi? Ndugu zetu wa Bumbire na Goziba wanajua kwamba nahodha hazaliwi na kasia mkononi. Hupewa kasia ziwa likiwa limetulia, ili siku ya dhoruba ajue la kufanya.

Ngara iliona dhoruba mwishoni mwa Aprili 1994, pale watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda walipovuka daraja la Rusumo katika muda wa saa 24. Siku kama ile ofisi ya wilaya haina nafasi ya kumfundisha mtu uongozi. Huhitaji waliokwisha kufundishwa, wakiwamo wale wanaojua kwa uzoefu wa maisha yao maji huchotwa wapi na kuni huishia lini.

Mfano tunao. Rais Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa kisiwa cha Unguja, aliingia kazini mwaka 1977 akiwa karani wa wizara, kisha akapelekwa masomoni Mzumbe kujifunza utawala. Mama Gertrude Mongella, mzaliwa wa kisiwa cha Ukerewe, alikuwa Katibu Mkuu wa Mkutano wa Beijing mwaka 1995. Profesa Anna Tibaijuka, binti wa Muleba katika mkoa wetu huu, aliongoza Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi hadi mwaka 2010. Kipaji walikuwa nacho, lakini walipewa pia shule na kazi ya kukikomaza.

Kwa hiyo tunawaambia viongozi wa wilaya hizi mbili: orodha ya wanaokwenda mafunzoni imo mikononi mwenu, na barua za kukaimu mnazitia saini ninyi. Anayekaimu ndiye anayejifunza. Mtumishi mwanamke asiachwe kuandika kumbukumbu za vikao miaka nenda miaka rudi, huku mwenzake mwenye elimu ile ile akiachiwa ofisi kila mkuu anaposafiri. Uhamisho nao usiwe adhabu kwa mwenye mtoto mchanga.

Wazazi nao wana sehemu yao. Tangu Novemba 2021 msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurejea shuleni. Ruhusa hiyo haitafaa kitu iwapo nyumbani ataambiwa kwamba safari yake imekwisha.

Cheo ni dhamana. Mwenye dhamana atakuja kuulizwa si tu alivyoitumia, bali pia aliwaandaa akina nani wa kuipokea. Ngara na Biharamulo zisije zikakosa jibu.